Bango limetoka baya: soma dalili kabla ya kuilaumu printa

Picha ikipendeza kwenye simu si lazima ipendeze ukutani. Skrini ya simu haizidi kiganja; bango la A1 lina sentimita 84.1 kwa 59.4, na kila kasoro iliyokuwa imejibana kwenye kioo cha simu inapata pa kujinyoosha. Bango likitoka baya, ya kwanza kutwishwa lawama ni printa, na mara nyingi inasingiziwa. Kasoro nyingi huingia mapema zaidi: mkono ulipotikisika, picha ilipotumwa kwa WhatsApp, au faili ilipohifadhiwa upya kwa mara ya tano.

Kila chanzo huacha alama yake kwenye karatasi, na alama hizo hazifanani. Kwa hiyo usianze kubadilisha mipangilio ovyo. Litandaze bango kwenye mwanga wa kutosha, lisogelee, uangalie kasoro ina umbo gani, inaelekea upande gani, na kama imeenea kote au imekaa mahali pamoja.

Kwanza hesabu pikseli

Pikseli ni vinukta vinavyounda picha. Fungua taarifa za faili utafute namba mbili za pikseli, kwa mfano 4032 × 3024. Chukua ile kubwa, uigawe kwa inchi za upande mrefu wa bango. A2 ina inchi 23.4, A1 ina 33.1, A0 ina 46.8. Picha hiyo ya simu, yenye megapikseli 12, itakupa pikseli 122 kwa kila inchi ya A1. Kamera ya megapikseli 24 yenye pikseli 6000 upande mrefu itakupa 181.

Je, 122 inatosha? Inategemea mtazamaji atasimama wapi. Jicho zima huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja ya pembe. Kwa umbali wa mita 1, hiyo ni kama milimita 0.29, sawa na pikseli 87 kwa inchi. Kwa umbali wa sentimita 30 zinahitajika kama 290, na ndiyo maana kwa picha za kushika mkononi watu hutaja 300. Kwa mita 2 zinatosha 44. Basi mwenye pikseli 122 kwenye A1 ya kutundikwa sebuleni hana la kuhofia, na anayemwambia kwamba bila 300 bango haliwezekani anamtisha bure.

Kwa maoni yangu, 150 ni salama kwa karibu kila kitu, 100 inafaa kwa picha ya ukutani, na chini ya 80 ujue unachapa kitu cha kutazamwa kwa mbali. Isipokuwa picha za kundi. Picha ya familia au ya darasa, watu hawaitazami kwa mbali hata uitundike wapi. Watasogea hadi pua iguse kioo, kila mtu akitafuta uso wake. Ramani na picha zenye maandishi madogo nazo ni hivyo hivyo.

Kuna mtego hapa. Mchapaji akikuambia picha yako "ina 72", yaani pikseli 72 kwa inchi, wengi hufungua programu, wakaandika 300 mahali pa 72, wakarudi na faili ileile wakidhani wameitibu. Namba hiyo ni lebo tu inayosema pikseli zilezile zitandazwe kwa upana gani. Ukiibadilisha bila kugusa idadi ya pikseli, hakuna kilichoongezeka. Ukiruhusu programu iongeze pikseli, imezibuni. Kinachohesabika ni zile namba mbili za mwanzo.

Picha nzima ina ukungu

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi, nayo ina vyanzo vingi vinavyodhaniwa kuwa kimoja. Tafuta kwenye bango kitu kidogo chenye mwanga mkali: nukta nyeupe ndani ya mboni ya jicho, taa ya mbali, kimeta cha hereni. Nukta hiyo itakuambia mengi.

Nukta ikiwa imekuwa kistari, na vistari vyote katika picha vimelala upande mmoja, kamera ilitikisika. Kwenye simu hukuona kwa sababu kistari kilikuwa kifupi kuliko uwezo wa jicho lako. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kasi ya shata, yaani pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera, isipungue moja chini ya urefu wa fokasi, ile namba ya milimita ya lenzi: kwa lenzi ya milimita 50, angalau 1/50 ya sekunde. Kanuni hiyo ilitungwa kwa picha ndogo. Kwa bango, ongeza kasi mara mbili au zaidi, au weka kamera kwenye stendi na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Ikiwa mandhari ya nyuma ni makali lakini mkono wa mtu umefifia, kamera ilitulia, ila mtu alisogea. Hapo stendi haitasaidia, kasi ya shata ndiyo dawa.

Nukta ikiwa imevimba kama kiduara laini, fokasi ilikosea. Thibitisha kwa kutafuta kilicho kikali: kola ya shati, majani ya mbele, ukuta wa nyuma. Karibu kila mara kuna kitu kimeshika fokasi, ila si kile ulichokitaka. Picha za watu zilizopigwa kwa lenzi iliyofunguliwa sana, kama f/1.8, huponzwa na hili: sikio kali, jicho laini.

Nukta ikiwa na utando wa mwanga kuizunguka na picha nzima imepauka kidogo, lenzi ilikuwa na alama za vidole. Simu hukaa mfukoni na mkononi kutwa nzima. Ifute kwa kitambaa laini kabla ya kupiga. Hakuna ushauri wa bei nafuu kuliko huo.

Kuna ukungu wa aina nyingine ambao hauko kwenye nukta bali kwenye nywele, nyasi na vitambaa. Ukisogea unaona nywele zimekuwa kama zimepakwa kwa brashi: kingo zipo, ila nyuzi hazipo. Hapo simu ilipiga gizani, ikasafisha chengachenga za ISO kubwa (vinukta vya ovyo vinavyotokea kamera ikiongeza usikivu wake kwa mwanga), na katika kusafisha ikafuta na nyuzi. Au ulivuta karibu kwa vidole hadi ukapita uwezo wa lenzi, na simu ikakata kipande cha kati na kukipanua. Namba za faili bado zitasoma 4032 × 3024, lakini habari ya kweli iliyomo ni ndogo zaidi. Ile hesabu ya juu huamini kwamba kila pikseli ina la kusema, na hapa nyingi zimekaa kimya.

Kingo zikionyesha ngazi ngazi, hasa kwenye mistari ya mshazari, basi pikseli ni chache kweli. Uliza faili ilipita njia gani. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi ikabaki na takriban pikseli 1600 upande mrefu. Ukiitandaza kwenye A1 unapata 48 kwa inchi. Picha ya skrini haizidi pikseli za skrini yenyewe. Iliyopakuliwa kutoka mitandao ya kijamii nayo imeshapunguzwa. Tafuta faili asilia kwenye simu au kamera iliyopiga, na mwambie mwenye nayo aitume kama dokumenti au kwa kiungo cha hifadhi ya mtandaoni. Kabla ya kutafuta programu ya kupanua, piga simu moja uulize kama asilia bado ipo. Inashangaza ni mara ngapi ipo.

Je, programu za akili mnemba zinazopanua picha? Kwa mawe, majani na majengo zinasaidia. Kwa nyuso, kuwa mwangalifu: haziokoi kilichopotea, zinabuni kinachofanana nacho. Mtu wa safu ya nyuma ambaye uso wake una pikseli 20 atapewa uso, ila huenda usiwe wake, na mama yake atajua. Maandishi kwenye nguo au mabango ya nyuma hugeuka herufi zisizosomeka katika lugha yoyote.

Ikiwa chanzo ni mtikisiko au fokasi, na picha haiwezi kupigwa tena, dawa ya kweli ni kupunguza ukubwa. Picha iliyoshindwa A1 inaweza kuwa nzuri kabisa kwenye A3.

Miraba midogo, na uchafu kando ya maandishi

JPEG huigawa picha katika vigae vya pikseli 8 kwa 8 na kubana kila kigae peke yake. Ubanaji ukizidi, mipaka ya vigae inaonekana, hasa kwenye anga na mashavu, na kando ya mistari mikali kunatokea utando kama wa mbu waliokusanyika. Kwenye A1 yenye pikseli 122 kwa inchi, kila kigae kina upana wa milimita 1.7. Jicho haliwezi kukosa kukiona.

Chanzo ni faili iliyobanwa sana, au iliyofunguliwa, ikahaririwa na kuhifadhiwa tena kama JPEG mara nyingi. Kila mara hupoteza kidogo. Rudi kwenye asilia. Wakati wa kuhariri, hifadhi kazi kama TIFF, muundo usiopoteza kitu kama JPEG, au kwa muundo wa programu yako, na utoe JPEG mara moja tu mwishoni, kwa ubora wa 90 kwenda juu. Angalia pia PDF: programu nyingi hubana picha zikizitia ndani ya PDF bila kukuuliza.

Kingo zina uzi mweupe

Paa la nyumba dhidi ya anga lina mstari mweupe unaolifuata kama limechorwa kwa chaki. Ukali umetiwa chumvi. Simu huongeza ukali yenyewe, programu ya kuhariri ikaongeza, halafu programu ya kupanua nayo ikaongeza wake. Panua kwanza, ongeza ukali mwisho, na hukumu ukiitazama picha kwa asilimia 100. Karatasi isiyong'aa hunyonya wino na kulainisha kidogo, kwa hiyo inavumilia ukali zaidi kuliko ile ya kung'aa.

Mistari kwenye anga

Hapa ndipo ugomvi kati ya mteja na mchapaji huwaka, kwa sababu kila mmoja anaweza kuwa na haki. Mistari iko ya namna mbili.

Ya kwanza imenyooka, imeachana kwa nafasi sawa, na inapita juu ya kila kitu: anga, uso, nguo. Hiyo ni ya mashine. Kichwa cha printa huenda na kurudi kikiacha wino kwa mikanda, na tundu moja likiziba au karatasi ikisogezwa pungufu, maungio ya mikanda huonekana. Tiba ni kuchapa ukurasa wa kupima matundu, kusafisha kichwa, kukilinganisha upya, kurekebisha usogezaji wa karatasi, na kuchagua ubora wa juu badala ya kasi.

Ya pili hufuata umbo la rangi: mikunjo inayozunguka jua, ngazi za buluu zinazoshuka kuelekea upeo. Hiyo ni ya faili. Faili ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi. Zinaonekana nyingi, lakini anga tulivu hutumia chache tu kati ya hizo. Anga yenye ngazi 20 za buluu ikitandazwa kwenye sentimita 60, kila ngazi inapata upana wa sentimita 3, na mpaka wake unaonekana wazi. Kuivuta rangi ya anga kwa nguvu wakati wa kuhariri huzidisha tatizo. Hariri kutoka faili ya RAW (data ghafi ya kamera) kwa biti 16, na ukimaliza nyunyiza chengachenga kidogo sana kwenye anga. Zinavunja mipaka ya ngazi na hazionekani kwa umbali wa mita 1.

Mkibishana bado, zungusha picha nyuzi 90, mchape kipande kidogo. Mistari ikizunguka pamoja na picha, faili ndiyo yenye kosa. Ikibaki upande uleule wa karatasi, kosa ni la mashine.

Madoa meusi ya duara kwenye anga si ya printa wala ya JPEG. Ni vumbi kwenye kihisi cha kamera. Doa la pikseli 20 ambalo hukuliona kwenye skrini litakuwa na karibu milimita 3 kwenye A1 yenye pikseli 181 kwa inchi. Pitia anga yote kwa asilimia 100 uyafute moja moja.

Bango limetoka giza

Skrini inatoa mwanga wake. Karatasi inaazima wa chumba. Mtu anahariri usiku, skrini ikiwa imewashwa kwa mwanga wote, picha inaonekana inang'aa, hivyo anaipunguza mwanga. Karatasi haina taa nyuma yake, ikatoka kama imepigwa magharibi.

Lipeleke bango dirishani mchana. Likipendeza pale, faili haina kosa. Tatizo ni mahali ulipolitundika, na taa moja inayolielekea itafanya kazi kubwa kuliko kuchapa upya. Likiwa giza hata dirishani, na nywele nyeusi zimekuwa bonge moja lisilo na nyuzi, rudi kwenye faili.

Kabla ya kuigusa faili, rekebisha skrini. Fungua ukurasa mtupu mweupe, shika karatasi nyeupe kando ya skrini katika chumba chenye mwanga wa kawaida, ushushe mwanga wa skrini mpaka weupe wa hizo mbili ukaribiane. Utashangaa unavyoshuka. Wenye kifaa cha kupima skrini hulenga kati ya candela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Kisha fungua picha tena: ikiwa sasa inaonekana giza, umeona kile printa ilichokiona. Inua sehemu za kati na vivuli kwa kifaa cha mikunjo (Curves) cha programu ya kuhariri, usiinue mwanga wa picha nzima, maana mawingu na nguo nyeupe zitaungua. Picha ya usiku ukiiinua sana, chengachenga zilizojificha kwenye vivuli zitatoka. Hapo ni kuchagua kati ya giza kidogo na chengachenga kidogo.

Rangi si zile

Anza kwa kuuliza: zimekosea zote kwa namna moja, au ni chache tu?

Zikikosea zote kwa nguvu, wino mmoja huenda haupiti. Sayani ikikosekana, picha huwa nyekundu. Majenta ikikosekana, kijani. Manjano ikikosekana, buluu. Ukurasa wa kupima matundu utaonyesha mara moja.

Zikiwa zimeelemea wekundu kiasi na giza kidogo, na unachapa mwenyewe, shuku usimamizi wa rangi uliofanyika mara mbili: programu imerekebisha rangi kwa ajili ya karatasi, halafu dreva ya printa (programu inayoiendesha) ikarekebisha tena. Mwachie mmoja tu kazi hiyo na mwingine umzime. Angalia pia umechagua aina gani ya karatasi; ukiiambia printa ni karatasi ya kawaida ilhali umeweka ya picha, itatoa kiasi cha wino kisichofaa.

Zikiwa zimepauka zote, kama nguo iliyofuliwa sana, huenda faili ilikuwa kwenye Adobe RGB, mpangilio wa rangi mpana kuliko sRGB ya kawaida, na profaili yake (maelezo ya jinsi rangi zisomwe) ikapotea njiani, hivyo printa ikaisoma kama sRGB. Simu nyingi mpya nazo huhifadhi kwenye Display P3, mpangilio mwingine mpana. Kama hujui mchapaji anataka nini, geuza iwe sRGB na uhakikishe profaili imebaki ndani ya faili. Usijitie kugeuza iwe CMYK (mpangilio wa wino nne: sayani, majenta, manjano na nyeusi) kwa kubahatisha. Fanya hivyo pale tu mchapaji anapokutaka na kukupa profaili ya mashine na karatasi yake.

Zikiwa ni chache tu, tuseme buluu ya umeme, kijani cha kuwaka, waridi la taa za jukwaani, huna kosa wala printa haina. Wino hauna rangi hizo. Programu nyingi za kuhariri zina hakikisho la uchapaji linaloonyesha mapema zitashuka vipi, ili uchague mwenyewe kipi cha kupoteza.

Na kabla ya kulalamika, subiri. Wino mbichi hubadilika kidogo unapokauka. Hukumu rangi baada ya saa 24.

Vichwa vimekatwa, au kuna ukanda mweupe

Maumbo hayalingani. Kamera nyingi hupiga 3:2, simu 4:3, na karatasi za mfululizo wa A ni 1.414 kwa 1. Picha ya 3:2 ikijaza A1 hupoteza karibu sentimita 5 za upana. Ya 4:3 hupoteza karibu sentimita 4 za urefu, na ndizo zinazokata visigino au nywele. Ikate mwenyewe kwa umbo la bango kabla ya kuituma, usimwachie mashine. Acha milimita 3 za ziada kila upande za kukatiwa, na ukumbuke fremu nayo hula kingo. Sura zikionekana zimevutwa au kubonyezwa, mtu alifungua kufuli ya uwiano ili "ienee".

Karatasi yenyewe

Karatasi ya kung'aa hutoa weusi mzito na rangi kali, lakini mbele ya dirisha utaona dirisha badala ya picha. Isiyong'aa hairudishi mng'ao, ila weusi wake ni mwepesi. Ya satini iko katikati, na kwa picha za watu ndiyo ningeanza nayo. Wino ukikusanyika matone matone bila kukauka, karatasi imewekwa kinyume. Upande wa kupokea wino ni mmoja.

Kipande cha majaribio

Ili usilipe bango zima kwa ajili ya kujua kosa, kata kutoka kwenye faili eneo litakaloenea A4 kwa kipimo kilekile cha bango. Kwa A1 yenye pikseli 122 kwa inchi, eneo hilo ni kama pikseli 1009 kwa 1426. Chagua mahali penye uso, kivuli kizito na anga pamoja, au ukate vipande viwili. Omba kichapwe kwa mashine na karatasi zitakazotumika kwa bango, kwa ukubwa kamili bila "kuenea ukurasa". Kibandike mahali bango litakapokaa, usimame utakaposimama.

Kipande kikitoka safi lakini bango likarudi na kasoro, nenda nacho kwa mchapaji. Faili ni ileile, karatasi ni ileile, na hapo ana la kujibu.